Usiku mmoja nyumbani kwa Töre: uchambuzi wa kisasi katika filamu ya Jungfrukällan

Usiku umeshaingia. Mmoja wa wageni anamwendea mama mwenye nyumba akiwa na gauni la hariri mkononi, anamwambia ni la dada yao na wangependa kuliuza. Gauni limechanika, lina damu. Mama hapigi kelele. Analipokea, analitazama, anajibu kwamba itabidi amuulize mumewe kitu cha thamani namna hii kinastahili malipo gani. Anatoka, na nyuma yake anautia mlango komeo.

Gauni ni la bintiye. Aliondoka nalo mwilini asubuhi ya siku hiyohiyo.

Kati ya komeo hilo na alfajiri kuna saa kadhaa, na katika saa hizo Töre, baba wa msichana, hamgusi mtu. Watazamaji wengi hulisahau hili. Ukiwauliza filamu inahusu nini watakwambia ni baba aliyepandwa na hasira akawaua waliomuua mwanawe. Sivyo inavyoonekana kwenye picha. Mwenye hasira haanzi kwa kuangusha mti, kuwashiwa bafu, kuoga na kuchagua kisu. Kama Töre ana kosa, limeanza kwenye maandalizi, kabla damu haijamwagika, na ndiyo maana inafaa kuufuata usiku huo hatua kwa hatua.

Kwanza filamu yenyewe. Jungfrukällan, yaani Chemchemi ya Bikira, ilianza kuonyeshwa Uswidi Februari 1960. Aliyeiongoza ni Ingmar Bergman, na mswada uliandikwa na Ulla Isaksson, mwanamke ambaye kalamu yake ndiyo iliyokuwa imezaa filamu ya Nära livet ya 1958. Mpiga picha ni Sven Nykvist. Ni filamu ya rangi nyeusi na nyeupe, dakika 89, iliyopigwa 1959, na matukio ya nje mengi yalichukuliwa katika misitu ya Dalarna. Ilipata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni, ya kwanza kwa Uswidi, na mbunifu wa mavazi Marik Vos naye akateuliwa. Töre anaigizwa na Max von Sydow, aliyekuwa na miaka 30 tu wakati huo. Birgitta Pettersson, anayeigiza binti yake Karin, alikuwa na 20, na Birgitta Valberg, mke wake katika hadithi, alimzidi von Sydow miaka 12. Hesabu hizo ni za ajabu, lakini hakuna anayezigundua akitazama. Mtu huyu anakaa kwenye kiti cha mwenye nyumba kana kwamba alizaliwa nacho.

Deni la asubuhi

Picha ya kwanza ni moto. Ingeri, msichana aliyelelewa katika nyumba hiyo na anayefanya kazi kama mtumishi, anapuliza makaa. Ana mimba na hana mume. Anachukua mti mrefu, anasukuma mfuniko wa tundu la moshi juu paani, mwanga unaingia, na anamwita Odin, mungu wa kale. Picha inayofuata ni Töre na mkewe Märeta wamepiga magoti mbele ya msalaba. Hakuna maelezo yanayounganisha picha hizo mbili. Hayahitajiki, maana tumeshaelewa kwamba chini ya paa moja kuna waungu wawili, na kwamba anayeombwa kwa dhati kubwa zaidi asubuhi hiyo huenda si yule wa sebuleni.

Märeta anajidondoshea nta ya moto ya mshumaa kwenye kifundo cha mkono kwa sababu ni Ijumaa, siku ya mateso ya Kristo. Kumbuka mkono huo, tutaurudia.

Karin amelala hadi jua limepanda. Anatakiwa kupeleka mishumaa ya Bikira Maria kanisani, kazi ambayo kwa desturi ni ya msichana bikira. Mama anamkatalia kisha anakubali: avae gauni la hariri lililoshonwa na wasichana 15. Ingeri atafuatana naye. Kabla ya kuondoka, Ingeri anapasua mkate wa safari na kuficha chura hai ndani yake. Ndilo jambo dogo kuliko yote asubuhi hiyo, na ndilo litakaloruka kwenye nyasi kati ya Karin na wale ndugu watatu wachunga mbuzi, dakika chache kabla ya kumshambulia.

Njiani Ingeri anabaki kwa mzee mwenye jicho moja anayeishi kando ya kijito. Mzee anasema siku hizi hana jina. Mtazamaji wa Uswidi hahitaji kuambiwa: Odin alitoa jicho lake moja ili apate hekima. Ingeri anapoona ibada ya mzee huyo inataka mwili wake, anakimbia. Anamfikia Karin akiwa tayari amezungukwa. Anajificha, ana jiwe mkononi, na jiwe linamtoka vidoleni. Wale wakubwa wawili wanambaka Karin, kisha mmoja, aliyekatwa ulimi, anampiga gogo la kichwani. Tukio hilo lilizua ugomvi mkubwa. Huko Marekani lilikatwa katika baadhi ya nakala, na mji wa Fort Worth, Texas, ulikataa filamu isionyeshwe. Bergman halilipambi. Hakuna muziki wa kutuambia tujisikie vipi, kuna matawi mbele ya lenzi, pumzi, na sauti za mbuzi.

Mdogo wao, mtoto mdogo kabisa kwa sura, anaachwa alinde mizigo. Anajaribu kula, anatapika. Anachota udongo kwa viganja na kuumwagia mwili wa Karin, kisha anaogopa na kuacha. Theluji inaanza kuanguka ingawa ni majira ya kuchipua.

Nani alijua nini

Ndugu hao wanatembea na baridi inapowazidi wanabisha hodi kwenye nyumba ya kwanza. Ni kwa Töre. Wao hawajui. Töre hajui. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na Töre anaishi kwa kanuni hiyohiyo kwa lugha yake: anawapa moto, chakula, mahali pa kulala, hata ahadi ya kazi.

Hapa pafaa kusimama na kuhesabu maarifa ya kila mmoja, kwa kuwa tukio zima limejengwa juu ya hesabu hiyo. Wale wakubwa wanajua walichofanya lakini hawajui wako wapi. Wazazi wanajua Karin amechelewa lakini hawajui kwa nini. Wanajifariji kwamba huenda amelala mjini. Ingeri anajua vyote viwili, tendo na watu, lakini amejificha. Na mtoto ndiye wa kwanza ndani ya chumba kile kujua kila kitu, kwa njia rahisi kabisa. Töre anasali sala ya chakula. Ni sala ileile aliyoisema Karin kule kwenye nyasi kabla ya kuwagawia mkate. Mtoto anaitambua, na chakula kinamshinda.

Hebu fikiria ustadi wa kupanga jambo hili. Mwandishi mwingine angeleta mkufu, pete, au jina kutamkwa kwa bahati mbaya. Isaksson anatumia adabu ya mezani. Kile kinachothibitisha kwamba nyumba hii ni ya watu wema, yaani kusali kabla ya kula, ndicho kinachomjulisha mtoto kwamba yuko nyumbani kwa marehemu. Na baada ya hapo anabaki hana wa kumwambia, kwani kaka zake wanamtisha na wenyeji ni wazazi wa yule msichana.

Yuko mtu mmoja anayemkaribia. Ni ombaomba anayelala hapo, ambaye Allan Edwall anamwigiza kwa sauti ya chini sana. Anamwonyesha mtoto moshi unavyotetemeka chini ya paa kana kwamba unaogopa, na kumbe ukitoka tu nje utapata anga lote. Haujui, ndiyo maana unajikunyata. Kisha anamsimulia mtu anayevuka daraja jembamba juu ya shimo la kutisha, na anamwambia kwamba pale anapodhani amekwisha, mkono utamshika, utamkumbatia na kumpeleka mbali ambako uovu hauwezi kumfikia. Wanaolitazama tukio hili mara ya kwanza hulichukulia kama mapumziko ya kishairi. Si mapumziko. Ni ratiba ya asubuhi inayokuja. Mkono utakuja kweli.

Hatua za Töre

Märeta anampelekea mumewe gauni. Töre hasemi neno la maana. Anashuka, anamkuta Ingeri amejikunyata chini ya ngazi, na Ingeri anaungama kila kitu: kwamba alimwomba Odin, kwamba alimtakia Karin haya, kwamba alisimama na kutazama. Anamwomba amuue yeye badala yao.

Töre sasa ana ushahidi wa aina mbili, gauni lenye damu na maungamo ya shahidi aliyeona. Kwa kipimo chochote cha kesi, ametosheka. Wahalifu wamefungiwa ndani, wamelala. Ana watu wake wa shamba. Anaweza kuwafunga kamba hadi asubuhi na kuwapeleka kwenye baraza la wenyeji, ambalo Waswidi waliliita ting. Uswidi ya Enzi za Kati haikuwa nchi isiyo na sheria. Kwa jina la Birger Jarl, mtawala aliyefariki 1266, zimehusishwa sheria za amani zilizokataza hasa mambo haya: kuvunja amani ya nyumba, ya wanawake, ya kanisa na ya baraza. Waliombaka Karin wamevunja ya wanawake. Atakayemwaga damu ya wageni wake sebuleni anaikaribia kwa hatari ile ya nyumba, kutoka ndani. Filamu haitamki neno lolote kuhusu haya, wala haina haja. Inatuonyesha tu mtu mwenye saa nyingi mkononi, na jinsi anavyozitumia.

Anaanza na mti. Juu ya kilima kitupu umesimama björk mmoja, mti mchanga wa gome jeupe, mwembamba, peke yake mbele ya anga la mapambazuko. Kamera iko mbali. Töre anaukumbatia, anausukuma kwa uzito wote wa mwili, unapinda na kurudi, anausukuma tena. Shoka lingemaliza kazi kwa mapigo machache. Anachagua mikono. Unapoanguka anaanguka nao, amelala juu yake. Nykvist anaiacha picha ndefu kupita starehe yetu, na tunaona mambo mawili kwa pamoja: baba anayepigana na kitu asichokiweza, na mwanamume aliyemlaza chini kiumbe mchanga kwa nguvu. Sidhani ufanano wa picha hiyo na ile ya kwenye nyasi ni wa bahati.

Anakata matawi. Matawi ya björk ni ya bafu la mvuke; mtu hujipiga nayo ngozi iamke, ni jambo la kawaida huko kaskazini. Töre anajipiga kama mtu anayejiadhibu kabla ya kosa. Maji ya moto, mvuke, mwili safi. Ukiitazama bila maneno, ni maandalizi ya kuhani anayekwenda madhabahuni. Shida ni kwamba hatuwezi kusema ni madhabahu ya nani. Mkristo huungama baada ya dhambi. Kutakasika kwanza ndipo umwage damu ni utaratibu wa dini ile nyingine, ya Ingeri na ya mzee wa kijitoni, dini ambayo mwenye nyumba huyu alidhani ameitoa nje ya ua wake.

Kisha silaha. Haombi upanga, silaha ya mtu wa hadhi yake. Anaagiza kisu cha kuchinjia. Kwa upanga unamuua adui. Kwa kisu kile unachinja mnyama, au unatoa sadaka. Anaingia sebuleni na Märeta, anapekua mfuko wa wageni, anaziona nguo nyingine za Karin. Hakuna shaka iliyobaki, na bado hawaui. Anakaa kwenye kiti kirefu cha mwenye nyumba, anachomeka kisu mezani, anasubiri mwanga.

Kusubiri huku ndiko kunakowatenga watazamaji. Wapo wanaosema ni heshima, mtu wa shani hamchomi aliyelala. Inawezekana. Lakini upande mwingine una uzito zaidi: akiwaua wakiwa wamelala, itakuwa vita. Akiwasubiri waamke, wamtazame akiwa kwenye kiti chake, itakuwa hukumu, na yeye ndiye hakimu, shahidi, mdai na mchinjaji. Kanisa halipo chumbani, ting halipo chumbani. Sura ya sheria ipo, sura ya ibada ipo, na ndani ya sura zote mbili hakuna mtu mwingine ila yeye.

Alfajiri

Mauaji yenyewe ni mafupi na hayana uzuri wowote. Mmoja anachomwa kisu. Mwingine anasukumwa kwenye moto hadi anakufa humo. Hakuna mbwembwe za mapigano. Samani zinaanguka, watu wanahema, hakuna anayeonekana shujaa. Ule utaratibu wote wa usiku unapotea ndani ya dakika chache. Aliyeoga na kujipiga matawi sasa anapigana sakafuni kama mtu wa kilabuni. Kilichopangwa kama ibada kimegeuka machinjio, na kwa muda fulani uso wa von Sydow unaonyesha kwamba Töre mwenyewe amelitambua hilo na hawezi kuacha.

Anabaki mtoto.

Mtoto anakimbilia ambako mtoto yeyote angekimbilia. Anamwendea Märeta, anajificha kifuani pake, na Märeta anamkumbatia. Ni mkono uleule uliodondoshewa nta asubuhi. Kwa sekunde kadhaa utabiri wa ombaomba umetimia, mkono umemshika, uovu umebaki ng'ambo. Kisha Töre anamnyakua, anamwinua juu na kumtupa ukutani.

Kwa hiyo mkono ulikuja mara mbili. Lililobaki ni swali la upi ulikuwa ule wa ahadi, na filamu haina adabu ya kutujibu.

Kuna wanaotetea tendo hilo kwa kusema mtoto alikuwa mmoja wa kundi. Ushahidi wa filamu unasema kinyume kwa ukaidi. Mtoto hakumgusa Karin. Ni yeye peke yake kati ya ndugu watatu aliyeugua kwa lililotendeka: alitapika, alijaribu kuzika, alishindwa kula. Kama kuna mtu katika hadithi hii mwenye dhamiri inayofanya kazi mwilini mwake bila kufundishwa katekisimu, ni huyo. Märeta aliliona hilo, mikono yake ililiona. Töre aliyekuwa na usiku mzima wa kufikiri hakuwahi kuuliza swali moja: na huyu mdogo je? Hapo ndipo maandalizi yalipomponza. Hasira tupu ingeweza kumwishia kwa yule wa pili. Sadaka iliyokwisha kupangiwa idadi haiachi kiporo.

Anaitazama mikono yake na kumwomba Mungu amrehemu.

Wimbo ulivyosema

Kisa hiki hakikubuniwa 1959. Kimetoka kwenye wimbo wa kale wa Uswidi unaojulikana kwa jina la mabinti wa Töre wa Vänge, ambao asili yake huwekwa karne ya 13. Mstari wake wa mwanzo unasema mabinti walilala usingizi mrefu kupita kiasi, na viitikio vyake viwili vinapishana, kimoja kikisema msitu wao ulikuwa wa baridi, kingine kwamba msitu unachipua majani. Sasa unajua theluji ya majira ya kuchipua ilitoka wapi, na kwa nini Karin alichelewa kuamka. Isaksson amevigeuza viitikio kuwa hali ya hewa.

Lakini amebadilisha mambo mawili makubwa. Katika wimbo mabinti ni watatu, waporaji ni watatu, na chemchemi zinazobubujika ni tatu. Filamu imebakiza binti mmoja na chemchemi moja, ikaongeza Ingeri, yaani wivu ukaingizwa ndani ya nyumba. La pili ni kubwa zaidi. Katika wimbo, baba akishawaua waporaji inagundulika kwamba walikuwa wanawe mwenyewe, waliopotea utotoni. Ndugu waliwaua dada zao, baba akaua wanawe, na kanisa analoahidi kulijenga linabeba laana yote hiyo. Wimbo unalitaja kanisa la Kärna, na huko Östergötland karibu na Linköping liko kanisa lenye jina hilo ambalo watu wamelihusisha na kisa hiki.

Isaksson alitoa undugu. Wachunga mbuzi wa filamu si watoto wa Töre, na wengi wanaolinganisha maandishi mawili huishia hapo, wakisema filamu imepunguza msiba. Sikubaliani. Undugu haukutolewa, umehamishwa. Umetoka kwenye habari ukaingia kwenye mwili. Badala ya mtu kutamka mwishoni kwamba hawa walikuwa wanao, tunamwona mama aliyefiwa jana yake akimkumbatia mtoto wa kiume kana kwamba amemzaa, na mumewe akimpokonya. Kwa sekunde zile mtoto ni wake. Hapo wimbo wa zamani unarudi mzima, na hakuna neno lililosemwa. Ndiyo sababu mmoja wa waporaji ilibidi awe mtoto; asingekuwa mtoto, mabadiliko hayo yasingefanya kazi.

Hesabu ya hatia

Njiani kwenda kuutafuta mwili, kinatokea kitu ambacho filamu za kisasi huwa hazikitaki: kila mtu anadai kosa ni lake. Ingeri alikwisha kusema usiku kwamba ni yeye na Odin wake. Sasa Märeta anasema alimpenda Karin kuliko Mungu, na alipoona mtoto anaegemea zaidi kwa baba, alianza kumchukia mumewe. Basi ni yeye aliyekuwa akiadhibiwa. Töre anamjibu kwamba hayuko peke yake, Mungu ndiye ajuaye.

Wazo hili halikudumu kwa waliomwiga. Wes Craven, mwongozaji wa Marekani, aliuchukua mkondo uleule wa matukio akatengeneza The Last House on the Left ya 1972: msichana, waovu, nyumba ya wazazi, usiku, kisasi. Mifupa yote ipo. Hesabu ya hatia ndiyo iliyopunguzwa, na bila hiyo mtazamaji anabaki kungoja tu wauaji wapate yao.

Bergman mwenyewe baadaye hakuipenda kazi yake hii. Aliiona kuwa uigaji dhaifu wa Kurosawa, mwongozaji wa Japani, ambaye wakati ule alikuwa amemteka akili. Athari hiyo unaiona msituni, matawi yanavyokatisha jua na kamera inavyofuata farasi kati ya vigogo. Lakini sebuleni mwa Töre hakuna Kurosawa. Usiku ule umejengwa kwa vitu vya Uswidi vilivyo karibu na mkono: komeo, ngazi, kiti, moshi, mti mweupe, bafu.

Kwenye nyasi

Wanaufikia mwili. Töre anakwenda hatua chache mbele, anaanguka magoti, na anasema maneno yake yote akiwa ametupa mgongo. Mwongozaji ambaye nyuso za watu ndizo zilizompa jina anatunyima uso mahali ambapo tunautaka kuliko mahali pengine popote. Ni uamuzi mzuri kuliko yote katika filamu. Angegeuka, tungekuwa waamuzi, tungemtazama machozi na kupima kama yanatosha. Mgongo hautuambii kitu. Anazungumza na mwingine.

Anachosema ni kwamba Mungu aliona: kifo cha mtoto asiye na hatia, na kisasi changu. Aliona na akaruhusu. Hamwelewi. Na bado anamwomba msamaha, kwa kuwa hajui njia nyingine ya kuishi. Anaahidi kumjengea hapo kanisa la mawe na chokaa, kwa mikono hii.

Mtoto asiye na hatia, kwa kawaida, tunasikia Karin. Sentensi inakubali. Lakini sebuleni amelala mtoto mwingine ambaye sifa hiyo inamfaa vilevile, na neno kisasi limekaa karibu naye kuliko linavyokaa karibu na Karin. Töre hasemi ni yupi. Huenda hajui kwamba amesema vyote viwili.

Wazazi wanakiinua kichwa cha Karin. Pale kilipokuwa, maji yanachomoza. Si mengi mwanzoni, ni kama udongo umeanza kutoa jasho, kisha yanatiririka. Ni rahisi kuyaita jibu, na wengi wamemlaumu Bergman kwa kuwapa watu muujiza wa kumalizia. Angalia mpangilio. Maji hayaji kabla ya ahadi ya kanisa wala hayaji kwa Töre. Yanatoka alipolala aliyeuawa, baada ya mtu kumwinua. Ingeri ndiye wa kwanza kuyachota, yule aliyefungua tundu la moshi na kumwita Odin, ananawa uso kwa viganja vyote viwili. Märeta anamfuta Karin tope usoni.

Töre alikwisha kuoga usiku. Yuko hapo kati yao, mikono mitupu, jiwe la kwanza la kanisa bado halijachimbwa. Na kule nyumbani maiti tatu zimelala sebuleni, mmoja wao mdogo, karibu na ukuta.